Nyumba Moja, Wasimamizi Wengi: Uhakiki wa Tajriba ya Mgeni katika Makumbusho ya Karen Blixen, Nairobi

IKISIRI

Makala haya yanahakiki Makumbusho ya Karen Blixen, Nairobi, kama matini inayosomwa na mgeni anapotembea kutoka chumba kimoja hadi kingine. Nyumba hiyo ilijengwa mwaka 1912 na tangu wakati huo imepita mikononi mwa wamiliki na wasimamizi kadhaa: walowezi, mnunuzi wa ardhi, afisa wa jeshi la Uingereza, serikali ya Denmark, chuo cha umma, na hatimaye Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya. Kwa kuongozwa na Nadharia ya Upokezi, makala yanajenga hoja kwamba kila usimamizi ulibadilisha kazi ya nyumba, lakini usimamizi wa sasa, ambao ndio pekee ulioifungua kwa umma, umechagua kuonyesha miaka 14 tu kati ya zaidi ya miaka 100 ya uhai wake. Matokeo yake ni kwamba mgeni Mkenya, ambaye kisheria ni mmojawapo wa wenye nyumba, hupokewa kama mgeni wa mtu mwingine. Makala yanapendekeza kwamba historia ya mabadiliko ya usimamizi ipewe nafasi ndani ya maonyesho yenyewe.

1.0 UTANGULIZI

Nyumba ya kihistoria iliyogeuzwa kuwa makumbusho hutofautiana na makumbusho ya kawaida kwa jambo moja la msingi. Katika makumbusho ya kawaida, jengo ni chombo cha kuhifadhia vitu. Katika nyumba ya kihistoria, jengo lenyewe ni kitu cha kwanza kuonyeshwa. Mgeni haji kutazama kabati la vioo lenye lebo. Huja kuingia mlangoni, kupita sebuleni, kuchungulia chumba cha kulala, na kutoka akiamini kwamba amemfahamu aliyewahi kuishi humo. Imani hiyo ndiyo nguvu ya aina hii ya makumbusho, na ndiyo pia hatari yake, kwa kuwa chumba kilichopangwa vizuri hakionekani kuwa kimepangwa. Huonekana kana kwamba kimeachwa tu.

Makumbusho ya Karen Blixen ni mfano unaofaa kuchunguzwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni nyumba iliyojulikana duniani kupitia kitabu na filamu kabla haijajulikana kama makumbusho. Pili, ni mali ya umma wa Kenya inayomhifadhi mtu ambaye aliishi Kenya kama mlowezi. Jina lake ni la raia wa Denmark, ardhi yake ni ya Kenya, na wengi wa wanaoifahamu wameifahamu kupitia Marekani. Mahali pa namna hii, swali la nani anasimamia haliwezi kutenganishwa na swali la mgeni anaona nini.

Uhakiki huu umejengwa juu ya usomaji makini wa mambo matatu: historia ya nyumba, mpangilio wake wa sasa, na matini mbili zilizoitangulia katika fikra za mgeni, yaani kitabu cha Blixen cha mwaka 1937, *Out of Africa*, na filamu ya mwaka 1985 yenye jina hilohilo. Hautumii hojaji wala mahojiano. Haukusudii kupima wageni wangapi waliridhika, bali kubainisha ni mgeni wa aina gani ambaye nyumba hii imemtarajia.

2.0 MSINGI WA KINADHARIA

Nadharia ya Upokezi, iliyoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Konstanz, Ujerumani, katika miaka ya 1960, ilihamisha macho ya wahakiki kutoka kwa mwandishi na matini hadi kwa msomaji. Dhana mbili za nadharia hii ndizo zinazotumika hapa. Ya kwanza ni upeo wa matarajio, iliyofafanuliwa na Hans Robert Jauss. Kwa mujibu wa dhana hii, hakuna msomaji anayekutana na matini akiwa mtupu. Huja na mambo aliyokwisha kusoma, kuona na kuzoea, na maana hutokea pale matini inapokubaliana na matarajio hayo au kuyavunja. Ya pili ni ile ya Wolfgang Iser kuhusu mapengo na msomaji anayedokezwa. Kila matini huacha mahali patupu ambapo msomaji hupajaza, na kwa namna inavyoacha mapengo hayo, hudokeza ni msomaji gani iliyemkusudia.

Kuihamishia nadharia ya fasihi kwenye nyumba hakuhitaji nguvu nyingi. Ziara ina mwanzo, kati na mwisho. Ina mhusika mkuu na wahusika wasaidizi. Ina msimulizi, ambaye ni mwongozaji wa wageni, na ina mapengo: milango iliyofungwa, miaka isiyotajwa, watu wasio na picha ukutani. Tofauti iliyopo ni kwamba kitabu kikishachapishwa maneno yake hayabadiliki, ilhali nyumba huandikwa upya kila inapopata msimamizi mpya. Kwa hiyo, mabadiliko ya usimamizi ni mabadiliko ya utunzi.

3.0 NYUMBA NA WASIMAMIZI WAKE

Nyumba hii ya mawe yenye paa la vigae, iliyo chini ya vilima vya Ngong, ilijengwa mwaka 1912 na Åke Sjögren, raia wa Sweden. Karen Blixen alifika Mombasa mwaka 1914 na kuolewa na Bror Blixen-Finecke. Wawili hao waliishi kwanza katika nyumba nyingine iliyo karibu, kisha wakahamia katika hii mwaka 1917. Ndoa ilivunjika mwaka 1925, na Karen akabaki akisimamia shamba la kahawa lililomilikiwa na kampuni ya jamaa zake wa Denmark. Shamba halikufaulu. Ardhi ilikuwa juu mno kwa zao la kahawa, kiwanda kiliungua mwaka 1923, na bei ziliporomoka. Mwaka 1931 shamba liliuzwa, naye akarudi Denmark, ambako aliandika vitabu vyake hadi kifo chake mwaka 1962.

Hadi hapa ndipo simulizi ya makumbusho inapokomea, lakini uhai wa nyumba haukukomea hapo. Mnunuzi wa shamba alilikata katika viwanja vya ekari 20 kwa ajili ya makazi, na huo ndio mwanzo wa mtaa wa Karen kama unavyojulikana leo. Kuanzia mwaka 1935 nyumba ilikaliwa na afisa wa jeshi la Uingereza hadi alipofariki mwaka 1954. Ikarithiwa, kisha ikahamishwa tena kwa wengine. Kenya ilipopata uhuru, serikali ya Denmark iliinunua nyumba na kuikabidhi kwa serikali ya Kenya mwaka 1964 kama zawadi ya uhuru. Ikawa sehemu ya chuo cha mafunzo ya lishe. Shauku ya kuifanya makumbusho ilikuja mwaka 1985, wakati filamu ya *Out of Africa* ilipokuwa ikitengenezwa, na mwaka 1986 nyumba ikafunguliwa kwa umma chini ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya.

Mfuatano huu una jambo linalostahili kusisitizwa. Kati ya mwaka 1964 na miaka ya 1980, serikali ya Kenya ilikuwa na nyumba hii na haikuona sababu ya kuifanya kumbukumbu ya mlowezi. Iliipa kazi ambayo taifa changa lililihitaji: kufundisha watu namna ya kulisha watoto na familia. Uamuzi wa kuirudisha katika sura ya miaka ya 1920 ulikuja pamoja na kamera za filamu. Kwa maneno mengine, makumbusho haya hayakuzaliwa na historia ya nyumba. Yalizaliwa na umaarufu wa simulizi moja juu ya nyumba hiyo.

4.0 UCHAMBUZI

4.1 Njia ya Ziara na Mhusika Mmoja

Mgeni hufika kupitia bustani pana, akiviona vilima vya Ngong kwa mbali, kisha huongozwa ndani. Vyumba vimepangwa kuonyesha maisha ya Blixen: mahali pa kulia chakula, vitabu, vyumba vya kulala, na nakala za michoro yake ya watu wa shambani. Baadhi ya fanicha aliziuzia Lady McMillan kabla ya kuondoka, na baadaye zikarejeshwa kuwa sehemu ya maonyesho. Nje kuna mitambo ya zamani ya shamba.

Mpangilio huu una uzuri wake. Vyumba ni vidogo kuliko ambavyo wengi hudhani, na udogo huo humfundisha mgeni jambo ambalo kitabu hakisemi waziwazi: kwamba maisha ya mlowezi huyu yalikuwa ya mtu mwenye madeni aliyejitahidi kuishi kama mtu wa ukoo bora. Veranda inayotazama vilima humwezesha mgeni kuelewa kwa nini mandhari imechukua nafasi kubwa katika maandishi yake. Hayo ni mafanikio ya kweli ya uhifadhi, na uhakiki wowote usioyatambua utakuwa haujaitendea nyumba haki.

Hata hivyo, njia nzima ya ziara ina mhusika mmoja. Kila kitu kinamwelekea yeye: kiti ni chake, saa ni yake, mwanga wa dirishani ni ule aliouona yeye. Wanaotajwa pamoja naye, kama Farah Aden aliyekuwa msimamizi wa nyumba na Kamante aliyekuwa mpishi, hutajwa kwa sababu ya kuwa kwao karibu naye. Mwaka 1931 haumalizi tu kukaa kwake; unamaliza wakati wenyewe. Mgeni anayetoka hawezi kujua kutokana na vyumba kwamba watu wengine waliwahi kulala humo kwa miaka karibu 20, wala kwamba wanafunzi Wakenya waliwahi kusoma katika eneo hilo. Historia hiyo imo katika maelezo ya taasisi kuhusu nyumba, kwa hiyo haijafichwa. Imenyimwa chumba tu. Katika makumbusho ya aina hii, kinachokosa chumba hukosa uhai.

4.2 Filamu na Upeo wa Matarajio

Dhana ya Jauss inaeleza kwa nini imekuwa hivyo. Mgeni wa kigeni aliyefika tangu mwaka 1986 amefika akiwa na picha kichwani. Ameona ndege ndogo ikipita juu ya savana, amesikia muziki, na amemwona Meryl Streep akiwa Karen na Robert Redford akiwa Denys Finch Hatton. Makumbusho yamelipokea tarajio hilo badala ya kulihoji: miongoni mwa vitu vinavyoonyeshwa vimo vilivyotokana na filamu, vikikaa katika nyumba moja na vile vya miaka ya Blixen.

Hapa pana kinaya. Nyumba inayoonekana katika filamu si hii. Watengenezaji waliitumia zaidi ile nyumba ya kwanza ya Blixen iliyo karibu, kwa sababu hii ilikuwa bado na matumizi mengine. Hivyo, mgeni huja kuitafuta nyumba aliyoiona, akaingia katika nyingine, na kuonyeshwa vitu vya filamu ili aridhike kwamba amefika. Mpaka kati ya kilichokuwapo na kilichoigizwa hufifia. Kwa mujibu wa Jauss, matini yenye thamani huvunja upeo wa matarajio na kuupanua. Matini inayoulisha tu humwacha msomaji pale alipokuwa. Katika suala hili, usimamizi wa sasa umechagua kulisha.

Sababu za uchaguzi huo zinaeleweka. Makumbusho huendeshwa kwa viingilio, na viwango vya kiingilio hutofautiana kati ya raia na wageni kutoka nje, huku wa nje wakilipa zaidi. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini methali hiyo inapogeuzwa kuwa kanuni ya usimamizi, mwenyeji huanza kujisimulia kwa namna inayomfurahisha mgeni, na baada ya muda husahau kwamba kuna namna nyingine ya kusimulia.

4.3 Ardhi: Pengo Kuu

Pengo kubwa kuliko yote katika matini hii ni ardhi. Kwa maelezo ya Blixen mwenyewe kitabuni, shamba lilikuwa na ekari 6,000, kati ya hizo takriban 600 zikiwa za kahawa na takriban 1,000 zikiwa za maskwota, yaani familia za Wagikuyu zilizoishi na kulima humo kwa sharti la kumfanyia kazi mwenye shamba. Sheria ya Ardhi ya Kifalme ya mwaka 1915 ilikuwa imewafanya Waafrika kuwa wapangaji tu katika ardhi waliyoishi, na sheria ya mwaka 1918 kuhusu wakazi wa mashambani ikataka skwota afanye kazi kwa siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika shamba hili mgeni ndiye aliyempa mwenyeji jembe.

Blixen hakulifumbia macho jambo hili. Kitabu chake kinakiri kwamba watu wale walizaliwa pale, na baba zao kabla yao, na kwamba pengine wao walimwona yeye kuwa ndiye skwota aliye mkubwa zaidi. Shamba lilipouzwa, alizunguka katika ofisi za serikali akiomba watu hao wasitawanywe, na hatimaye wakapewa mahali pa kukaa pamoja katika hifadhi ya msitu ya Dagoretti. Tukio hilo lina kila kitu ambacho makumbusho yangehitaji: watu, hofu, ofisi, safari na ng'ombe wanaohamishwa. Lakini mgeni anayesimama bustanini haonyeshwi njia waliyopita. Anaonyeshwa vilima.

Tukio lingine la kitabuni linahusu mlango wa nyumba yenyewe. Chifu Kinanjui, alipokuwa mgonjwa mahututi, aliomba achukuliwe akafie katika nyumba hii badala ya kupelekwa hospitali ya misheni. Blixen alikataa, kwa kuogopa lawama ambazo zingemfika, naye chifu akafariki muda mfupi baadaye. Msimulizi haoni fahari juu ya kukataa huko. Sura hiyo imeandikwa kwa majuto. Kwa makumbusho ambayo kazi yake ni kuwakaribisha watu ndani, hakuna hadithi inayohusu kizingiti kuliko hii. Inamuuliza kila anayeingia: nani aliruhusiwa kupita hapa, nani hakuruhusiwa, na kwa nini? Ingewekwa mlangoni, ziara yote ingesomeka kwa namna tofauti.

Kwa upande wake, Ngũgĩ wa Thiong'o aliwahi kumhakiki Blixen vikali mbele ya hadhira ya Denmark kwa jinsi alivyowachora Waafrika, na hotuba hiyo ilichapishwa baadaye katika *Moving the Centre* mwaka 1993. Hoja yake imekuwa sehemu ya usomaji wa Blixen katika vyuo vikuu kwa miongo mitatu sasa. Nyumba isiyo na dalili ya mjadala huo imejitenga na elimu ya nchi yake. Si lazima makumbusho yakubaliane na Ngũgĩ. Ni lazima yamjulishe mgeni kwamba kitabu kilichomleta kina wasomaji wengine, na kwamba baadhi yao ni wajukuu wa wale waliohamishiwa Dagoretti.

4.4 Mwongozaji kama Fanani

Vyumba havijisomi vyenyewe. Mgeni hupewa mwongozaji, na maneno ya mwongozaji ndiyo yanayounganisha kitu na kitu. Kwa istilahi za fasihi simulizi, yeye ni fanani na wageni ni hadhira yake. Kama fanani yeyote, ana kiini cha masimulizi asichokibadilisha na ana uhuru wa kupanua, kufupisha na kuchepua kulingana na waliosimama mbele yake. Kundi la watalii wazee kutoka Ulaya na kundi la wanafunzi wa shule ya msingi kutoka Kiambu haziwezi kusimuliwa hadithi moja kwa sauti moja.

Hapa ndipo penye matumaini. Samani haziwezi kubadilika kila asubuhi, lakini simulizi linaweza. Mwongozaji Mkenya anayesimama katika chumba cha Blixen tayari ni jibu kwa historia ya chumba hicho: babu yake angeingia humo akiwa amebeba sinia, yeye anaingia akiwa msimulizi. Hilo ni badiliko kubwa la usimamizi kuliko yote, na halijaandikwa kwenye kibao chochote. Hata hivyo, uhuru wa fanani una kikomo pale jukwaa linapompinga. Akitaka kueleza juu ya maskwota, hana kitu cha kuonyesha kwa kidole. Akitaka kueleza juu ya chuo cha lishe, hana picha. Anabaki na maneno matupu dhidi ya chumba kilichojaa vitu, na katika nyumba ya kihistoria vitu hushinda maneno.

5.0 ULINGANISHO: NYUMBA YA LAMU

Si lazima nyumba ya kihistoria isimulie mtu mmoja. Taasisi hiyohiyo ya Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya inasimamia Lamu nyumba ya Waswahili ya karne ya 18 iliyokarabatiwa na kufunguliwa kwa wageni. Humo mgeni hupitishwa dakani, hufika kiwandani, huona misana na zidaka, na huelezwa kila sehemu ilitumiwa na nani na kwa shughuli gani: wapi mgeni wa kiume alikomea, wapi wanawake walikaa, wapi mtoto alizaliwa na maiti akaoshwa. Mhusika wa ziara hiyo ni namna ya kuishi, si bwana au bibi fulani.

Nyumba ya Lamu nayo ina mapengo yake. Nyumba za mawe za aina hiyo zilikuwa za matajiri, na utajiri huo ulitegemea pia kazi ya watumwa, jambo linalohitaji kusemwa kwa sauti kubwa kuliko inavyosemwa kwa kawaida. Lakini ulinganisho unathibitisha kwamba mpangilio wa Nairobi haukulazimishwa na aina ya makumbusho wala na upungufu wa ujuzi ndani ya taasisi. Taasisi inajua kuuliza nyumba swali la "palifanyika nini hapa, na nani alikomea wapi?" Swali hilo halijaulizwa kwa ukamilifu chini ya vilima vya Ngong.

Ulinganisho wa pili uko Denmark. Nyumba ya Rungstedlund, ambako Blixen alizaliwa mwaka 1885, akaandika vitabu vyake na kuzikwa, ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1991. Ile ni nyumba ya mwandishi kwa maana kamili. Ikiwa makumbusho ya Nairobi yatabaki kuwa nyumba ya mwandishi tu, yatabaki kuwa tawi la ile ya Rungstedlund, tena tawi lisilo na dawati ambalo *Out of Africa* iliandikiwa. Kile ambacho Nairobi inacho na Rungstedlund haiwezi kukipata ni ardhi yenyewe, watu wake, na yaliyofuata baada ya mwaka 1931.

6.0 HOJA PINZANI

Inaweza kudaiwa kwamba wageni huja kwa ajili ya Blixen, na kuwapa historia ya umiliki na sheria za ardhi ni kuwauzia wasichokiomba. Hoja hii ina uzito wa kiuchumi, lakini inamdharau mgeni. Mtu aliyesafiri maelfu ya kilomita kwa sababu ya kitabu ni msomaji, na msomaji hachoshwi na kugundua kwamba hadithi aipendayo ni kubwa kuliko alivyodhani. Kinachomchosha ni kuambiwa tena kile alichokwisha kukiona kwenye filamu.

Inaweza kudaiwa pia kwamba uhifadhi huhitaji kuchagua kipindi kimoja, kwa kuwa nyumba haiwezi kuonekana kama ya mwaka 1920 na ya mwaka 1970 kwa wakati mmoja. Kitaalamu hoja hii ni sahihi, na makala haya hayapendekezi kuvuruga vyumba vilivyohifadhiwa kwa uangalifu. Lakini kuchagua kipindi ni tofauti na kukificha kitendo cha kuchagua. Chumba kimoja cha pembeni, ramani moja ya shamba la ekari 6,000 iliyowekwa juu ya ramani ya mtaa wa leo, na jedwali la wote walioimiliki na kuisimamia nyumba tangu mwaka 1912 vingetosha kumweleza mgeni kwamba anachokiona ni uamuzi uliofanywa na watu, kwa wakati fulani, kwa sababu fulani.

Hoja ya tatu ni ya kisiasa: nyumba ilikuwa zawadi, na haifai kumkosoa mtoaji. Lakini zawadi hii yenyewe ndiyo sehemu ya historia inayohitaji kuelezwa. Ardhi iliyochukuliwa kwa sheria ya kikoloni ilirudi kwa Wakenya mwaka 1964 kwa njia ya ununuzi uliofanywa na nchi ya tatu, tena ikiwa kipande kidogo tu cha ile iliyochukuliwa. Kueleza hivyo hakumtukani mtoaji. Kunaipa zawadi yake maana.

7.0 HITIMISHO

Uhakiki huu umeonyesha kwamba nyumba iliyo chini ya vilima vya Ngong imeandikwa mara nyingi: kama makazi, kama bidhaa ya ardhi, kama zawadi, kama darasa, kama mandhari ya filamu, na kama makumbusho. Matini inayosomwa leo ni ya mwisho, na imefuta zote zilizotangulia isipokuwa moja. Mgeni anayedokezwa na matini hiyo ni mtu aliyesoma kitabu au kuona filamu, anayetaka kuthibitisha alichokuja nacho. Mgeni Mkenya, ambaye Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya mwaka 2006 inamhifadhia urithi huu kwa niaba yake, hana mahali pa kusimama ndani ya hadithi isipokuwa nyuma ya kiti cha mwenye shamba.

Kinachohitajika si kumwondoa Blixen. Ni mwandishi mkubwa, na kitabu chake, pamoja na dosari zake, kimehifadhi majina na sauti ambazo kumbukumbu za serikali ya kikoloni hazikujali kuzihifadhi. Kinachohitajika ni kumrudisha katika urefu wake halisi ndani ya maisha ya nyumba: mkazi wa miaka 14, miongoni mwa wengine. Mambo matatu yanapendekezwa kwa wasimamizi. Kwanza, historia ya umiliki na usimamizi tangu mwaka 1912 ipewe chumba. Pili, vitu vya filamu vitenganishwe waziwazi na vitu vya nyumba, ili mgeni ajue lini anatazama historia na lini anatazama maigizo. Tatu, simulizi za familia zilizohamishiwa Dagoretti zikusanywe na kutumiwa katika mafunzo ya waongozaji wa wageni.

Pendekezo la tatu ndilo la haraka kuliko yote. Kiti kinaweza kusubiri kabatini kwa miaka mingine 50 bila kuharibika. Wazee waliosikia habari za kuhama huko kutoka vinywani mwa walioshiriki hawawezi kusubiri hivyo, na kila mmoja anayeondoka anaondoka na chumba kizima cha makumbusho haya.